Shule Iliyopata Mwenyewe

Nilipokuwa mdogo, mama alinichapa mara moja tu kwa sababu ya kufanya kazi. Nilikuwa nimefagia uwanja wa jirani. Yule mama jirani alikuwa mgonjwa, majani yalikuwa yamejaa mlangoni kwake, nami nilichukua ufagio nikafagia mpaka kwenye kihenge chake cha mahindi. Nilirudi nyumbani nikitegemea sifa. Mama alinishika sikio akaniuliza, "Amekuita?"

"Hajaniita."

"Basi unamfagilia mtu uwanja, unataka nini kwake? Au unataka watu waseme mwanamke yule ni mchafu?"

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba huko kwetu, ng'ambo ya mto, kazi ya mtu ina mlango kama nyumba yake. Unabisha, unakaribishwa, ndipo unaingia. Mwenye shamba huita watu, huwapikia togwa na maharage, nao humlimia mpaka jua lishuke. Asipoita, hata kama magugu yamemshinda, watu hupita njiani wakimsalimia kwa heshima zote na kumwacha na magugu yake. Anayeingia bila kuitwa anamwaibisha.

Nimezunguka sana tangu wakati ule. Nilimaliza kidato cha nne, nikashuka Tunduma, nikawa utingo wa malori, kisha dereva. Nimelala Lusaka, nimelala Ndola, nimekula nshima pembeni mwa barabara ambazo siwezi kuzitaja zote. Nimejifunza kuwasalimia watu "mulishani" kabla sijajua kama ninawapenda. Kila nilikokaa nilikumbuka nyumbani, na kila niliporudi nyumbani miguu ilianza kuwasha ndani ya mwezi mmoja. Dada yangu mkubwa, aliyebaki kwenye shamba la baba, huniita mtu wa barabarani. Hasemi kwa hasira. Anasema kama mtu anayetaja kabila.

Ndiyo maana alicheka sana aliponiona nimeshuka kwenye pikapu kuukuu, nyuma nimepakia chaki na madaftari.

"Lori lako limezaa?" aliniuliza.

Nilimweleza kwamba nimepata kazi kwa kikundi fulani cha wazee wa Ulaya wanaosaidia shule za msingi za vijijini. Hawakuwa shirika kubwa la magari meupe yenye antena. Walikuwa wastaafu wa mji mmoja wa baridi, wanaouza keki na nguo za mitumba baada ya ibada, kisha wanatuma kinachopatikana. Ofisi yao hapa ilikuwa chumba kimoja tulichokodi Nanyala, karibu na barabara kuu, malori yakipita yanatikisa vikombe. Mimi nilikuwa dereva, mtunza stoo na mkalimani. Mwenye ofisi alikuwa bibi mmoja wa hukohuko Ulaya aliyefundisha watoto wadogo maisha yake yote, ambaye alikuja kila mwaka wakati wa kiangazi na kukaa mpaka mvua za kwanza.

Kwa bahati, shule waliyoichagua mwaka ule ilikuwa ya kitongoji chetu.

Kusema kweli ilikuwa bado haijawa shule. Shule yenyewe iko ng'ambo ya pili ya mto, upande wa kuelekea Itaka, na ndiyo niliyosoma mimi. Kiangazi unavuka kwa kukanyaga mawe. Masika unavuka kwa daraja la magogo, kama lipo. Mara nyingi maji hulichukua, na watoto wa upande wetu hukaa nyumbani mpaka mto ushuke. Wakubwa huogelea kwa ubishi. Wadogo hawawezi. Kwa hiyo wazazi walikuwa wameomba kujenga shule shikizi, madarasa mawili tu kwa ajili ya la kwanza na la pili, ili mtoto auvuke mto akiwa ameshakuwa na miguu ya kuuvuka.

Dada alikuwa na binti yake kitindamimba. Mwaka uliotangulia alipaswa kuanza shule na hakuanza. Dada alikuwa na tabia, na nadhani akina mama wote wa upande ule wanayo, ya kuamka alfajiri ya masika, kutoka nje kabla hajawasha moto na kusimama kimya akisikiliza mto. Akisikia unanguruma, anarudi ndani na kumwambia mtoto alale. Mwaka ule aliusikiliza mpaka akachoka, akamfungia binti yake nyumbani moja kwa moja.

"Na mwaka huu akikaa tena," aliniambia, "ataanza darasa la kwanza akiwa mrefu kuliko mwalimu."

Kikundi kilikuwa na utaratibu wake. Hakikuweka hata tofali moja kabla ya wazazi kufikisha kuta kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Baada ya hapo kilileta mbao, mabati na kumlipa fundi wa kupaua. Kazi ndogo za katikati, yaani kunyanyua pembetatu za ukuta, kujaza mawe sakafuni na kuchota maji na mchanga, zilibaki kwa wazazi. Bibi aliniambia sababu yake siku ya kwanza, kwa Kiswahili chake cha kitabuni: "Shule ni ya wao. Si ya mimi."

Wazazi walifanya msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, kama nilivyoukumbuka tangu utotoni. Mwenyekiti wa kitongoji aligonga rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa kanisani, na Jumamosi kwa Jumamosi watu walifyatua matofali, wakayachoma, wakajenga kwa udongo mwekundu kwa sababu saruji ilitosha lenta tu. Moshi wa tanuri ulinirudisha kwa baba, aliyewahi kuchoma matofali ya ile shule ya ng'ambo kabla sijazaliwa. Nilisimama mle ndani ya moshi nikilia bila kujali, maana huko hakuna anayeweza kukuuliza unalia nini.

Kuta zilipofika kwenye lenta tulifanya sherehe ndogo. Tulileta soda, mbao na mabati, tukayafungia kanisani. Tulileta pia kibao. Kibao kilitengenezwa Tunduma, bati lililopakwa rangi ya bluu kwenye miti miwili mizuri ya mkaratusi, maandishi meupe: jina la kikundi kwa herufi kubwa, na chini yake jina la shule kwa herufi ndogo. Wazee wa Ulaya walikuwa wamekiomba. Walitaka picha. Mtu anayeuza keki miezi yote hiyo anastahili kuona kitu chenye jina lake, na sikuona ubaya wowote. Tulikichimbia pale mbele ya kuta. Watu walipiga makofi. Wazee walikuja mmoja mmoja kumshika bibi mkono kwa mikono miwili.

Bibi alisafiri kwenda Dodoma kwa shughuli zake za vibali, mimi nikaenda Ihanda kupeleka madawati kwenye shule nyingine. Tuliporudi, Oktoba ilikuwa inaisha na hewa imeanza kuwa nzito mchana. Kuta zilikuwa vilevile. Hakuna pembetatu, hakuna jiwe sakafuni. Mbuzi walikuwa wamelala ndani ya darasa la kwanza.

Kuta za udongo bila paa ni kama sukari. Kila mtu pale alilijua hilo. Mvua tatu kubwa, na kazi yote ya kiangazi ingerudi kuwa shamba.

Tulimwendea mwenyekiti. Alikuwa akianika kahawa yake ya mwisho, akaacha, akatuletea viti.

"Habari za hapa, mwenyekiti?"

"Nzuri sana, bibi. Tupo. Tunasubiri."

Nilitafsiri hivyo hivyo. Bibi alitikisa kichwa kwa adabu, akaniambia kwamba bila shaka wanasubiri mavuno ya kahawa yaishe, na kwamba si vizuri kuwasukuma. "Nikisukuma, shule inakuwa ya mimi," alisema. Kisha wakaulizana habari za watoto, za wajukuu, za baridi ya Ulaya. Wote wawili walikuwa na heshima mpaka nikaona kizunguzungu. Tuliondoka, na mwenyekiti akatusindikiza mpaka barabarani.

Wiki ikapita, kisha nyingine. Kila tulipopita, watu walikuwa wakitusalimia kwa furaha: tupo, tunasubiri. Mbuzi nao walikuwepo.

Jioni moja nilikaa jikoni kwa dada nikala ugali wake kwa hasira. Mbali upande wa Momba radi ilikuwa inapiga bila sauti.

"Watu wa huku wamekuwa wavivu," nilisema. "Wamezoea kuletewa."

Dada aliacha mwiko ndani ya chungu. "Wavivu?"

"Kuta zinasimama pale uchi, mabati yako kanisani, hata mtu mmoja hajainua tofali. Na wewe mwenyewe mtoto wako yuko hapa. Unasubiri nini?"

"Nasubiri kuitwa."

"Na nani?"

"Wewe mtu wa barabarani, hujui kusoma siku hizi? Nani ameandikwa pale mbele?" Alinitazama kama anavyomtazama mtoto aliyemwaga maziwa. "Ile shule ilikuwa yetu, tukajenga. Siku ile mkaja na kibao, mkachimbia uwanjani, tukapiga makofi. Shule imepata mwenyewe. Sasa mwenyewe yuko wapi? Ameita watu? Ameloweka ulezi wa togwa? Kila akija anaketi kwa mwenyekiti anauliza habari za mbuzi."

"Lakini bibi anasema shule ni yenu."

"Anasema. Kibao kinasema vingine, na kibao hakilali."

"Basi mngemwambia!"

"Tumwambie mzee wa watu kwamba hajui kuita? Aliyetuletea mabati?" Alirudisha mwiko chunguni. "Mama alikuchapa bure."

Nilikaa pale na tonge mkononi. Mama yangu alikuwa amekufa miaka mingi iliyopita, na sikio likaniuma kabisa. Kumbe wote walikuwa wakisubiriana kwa adabu. Bibi hakutaka kuingia uwanja wa wazazi, wazazi hawakutaka kuingia uwanja wa bibi, na mimi niliyekaa katikati nikizitafsiri sentensi zote, moja moja, kwa usahihi, sikuwa nimetafsiri kitu.

Asubuhi nilimweleza bibi, tukiwa tumekaa nyuma ya pikapu na chai ya chupa. Ilinibidi nimsimulie na ule ufagio. Alisikiliza, akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. Aliniambia kwa lugha yake kwamba kile kibao hakikuwa kwa ajili ya watu wa hapa hata kidogo. Kilikuwa ni kwa ajili ya watu wa kwao, ili waone. Hakufikiria kwamba watu wa hapa pia wana macho.

Tulikwenda kwa mwenyekiti.

"Mwenyekiti," nilisema, "bibi anaomba kibao king'olewe."

Alishtuka. "Amekasirika?"

"Hapana, hajakasirika."

"Basi kwa nini anaondoka?"

"Haondoki."

"Mtu aking'oa kibao chake anaondoka. Hata duka ni hivyo." Alimgeukia bibi, mikono imekunjwa kifuani. "Bibi, kama kuna aliyekukosea, tuambie tumkanye. Kibao hatuwezi kukigusa. Tutaonekana tumemfukuza mgeni."

Nilitafsiri. Niliona mlango mwingine umefungwa. Nilianza kutafuta maneno ya kueleza habari ya mwenyewe na wasio wenyewe, na kila neno nililolishika lilikuwa linamdhalilisha mmoja wao. Bibi aliniwekea mkono begani nikanyamaza. Akasimama mbele ya mwenyekiti, mfupi, kofia yake ya nyasi mkononi.

"Mwenyekiti, naomba kazi."

"Kazi gani, bibi?"

"Msaragambo. Mimi nabeba maji."

Mwenyekiti alicheka kwa heshima, akifunika mdomo. "Bibi, huku watu hubeba kichwani."

"Nina kichwa."

Mke wa mwenyekiti, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, aliachia kicheko hadi ungo ukamwinamia.

"Msaragambo ni lini?" bibi aliuliza tena. "Siku gani nakuja?"

Hapo mwenyekiti alikwama. Mtu ameomba kazi, tena mtu mzima. Mwenye shamba haombi kazi kwenye shamba lake mwenyewe, huita. Anayeomba kazi ni mtu kama wewe. Na aliyeombwa ndiye mwenye shamba. Niliona jambo hilo likipita usoni mwake polepole, kama mtu anayehesabu ng'ombe wanaoingia zizini. Alimtazama bibi, akatazama anga.

"Jumamosi," alisema. "Na usichelewe. Anayechelewa hubeba mawe."

Kabla hatujafika barabarani tulisikia rimu ikigongwa.

Jumamosi ile watu walikuja mapema kuliko nilivyowahi kuona, na sitadanganya, wengi walikuja kumtazama mzungu mzee akibeba maji. Akina mama walimsokotea kata ya kanga, wakamwekea kichwani ndoo ndogo, nusu yake tu. Kila hatua maji yalimwagika, yakamshuka usoni mpaka viatuni.

"Bibi," dada alimwita kutoka nyuma, ndoo kubwa imetulia kichwani kama imeota pale, "maji hayo unayapeleka shuleni au unamwagilia njia?"

Nilitafsiri. Bibi alijibu bila kugeuka, maana asingeweza kugeuka: "Njia ina kiu."

Walicheka mpaka mmoja akalazimika kutua ndoo. Walimtania asubuhi yote. Walimwambia akirudi kwao mume wake atamkuta shingo imeingia mabegani. Walimwuliza kama huko Ulaya maji huja yenyewe yakipiga hodi. Lakini kazi ina tabia ya kuwanyamazisha watu. Jua lilipopanda, fundi alikuwa amesimama juu akidai udongo, vijana walikuwa wakirusha matofali, kila mtu anaangalia mikono yake. Bibi alikuwa amesimama njiani akipumzika, na mzee mmoja aliyekuwa akisukuma toroli la mawe akampigia kelele bila hata kumwangalia: "Sogea, bibi! Sogea!"

Akasogea. Nilimwona akitabasamu peke yake.

Mchana fundi alihitaji miti ya jukwaa ili afike kwenye pembetatu ya pili. Miti haikutosha. Watu walitazama huku na huku. Kisha mwenyekiti, yuleyule mwenyekiti, akaenda mbele ya shule na sululu, akang'oa kibao. Hakumwuliza mtu. Alibandua bati, akawapa vijana miti yote miwili ya mkaratusi, na bati lenyewe akalitupa chini kwa akina mama waliokuwa wakitafuta mahali pa kukandia udongo. Wakamwaga udongo juu ya herufi kubwa na juu ya herufi ndogo, wakaanza kukanda.

Nilimtazama bibi kwa wasiwasi. Alikuwa ametoa simu yake. Alipiga picha ya lile bati, udongo mwekundu ukiwa umefunika jina lote isipokuwa herufi moja ya mwisho, na miguu ya akina mama kuzunguka. Aliniambia ndiyo atakayowatumia wauza keki. Sijui walisema nini. Mwaka uliofuata walituma tena mabati, na hawakuomba kibao.

Hatukushinda kila kitu. Darasa moja lilipauliwa. La pili lilikuwa na mbao juu na nusu ya mabati wakati mvua ilipokuja, usiku wa upepo, na tulipofika asubuhi ukuta wake wa nyuma ulikuwa umelala. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walikuja na kuanza kuokota matofali mazima na kuyapanga pembeni, kabla rimu haijagongwa. Walisema watausimamisha tena baada ya mavuno. Bibi hawakumwomba chochote. Walimwambia tu mwakani aje na ndoo yake mwenyewe, ile ya kuazima ameitoboa.

Shule zilipofunguliwa Januari nilikuwa nimeshaanza kusikia miguu inawasha. Kuna lori moja Tunduma lililokuwa likimtafuta dereva wa kwenda Kitwe, na nilikuwa nimemwambia mwenye lori kwamba nitafikiria, yaani ndiyo. Nilikwenda kwa dada alfajiri kumuaga. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha. Nilipofika juu ya kilima niliusikia mto kabla sijaiona nyumba, ule mngurumo wa magogo yanayogongana na mawe, na nikajua daraja halipo.

Nilimtafuta dada uani, mahali anaposimama kila alfajiri ya masika, nikamkosa. Alikuwa ndani. Moto ulikuwa umewaka zamani, na yeye amemkalisha binti yake kati ya magoti anamsuka haraka haraka, mtoto analalamika kwamba anavutwa.

"Mto umejaa," nilimwambia.

"Umejaa?" alisema, meno yakiwa yameshika uzi. "Tulia wewe, utachelewa shule."